Kipande cha Sabuni kwa Barua Moja

Misugusugu, Kibaha
21 Januari 2024

Baba,

Shikamoo. Na wewe afande utakayeifungua barua hii kabla ya baba, shikamoo. Sijui kama ni adabu kumsalimia mtu ndani ya barua isiyo yake, lakini kusomwa na mtu ambaye sijamsalimia naona ni vibaya zaidi.

Mimi ni mzima. Nimehamia kwa shangazi Saida tangu shule zifungwe. Kijijini kwetu Janga nilishindwa kukaa. Hakuna aliyenitukana, ila nikiingia dukani watu walikuwa wananyamaza mpaka nitoke. Msimu huu ugonjwa wa ubwiri umekula maua ya mikorosho, watu wamevuna kidogo sana, na kila mtu anajua kwamba salfa ya kupulizia ilikuwa kwenye ghala la ushirika na ufunguo ulikuwa kwako. Najua uliomba msamaha mahakamani. Nilikuwa nimekaa nyuma, sikusikia vizuri.

Nimeanza kidato cha tatu kwenye shule mpya. Waliniuliza baba yuko wapi, nikasema yuko mbali. Nadhani si uongo.

Jioni namsaidia shangazi kukaanga mihogo kando ya barabara. Wiki iliyopita mafuta yalinirukia mkono wa kushoto, limebaki kovu lenye umbo la punje ya korosho. Kuna bata wa jirani ambaye huja kila siku mihogo ikianza kunukia, akasimama kwenye foleni nyuma ya wateja. Hasukumi mtu. Foleni ikisogea naye anasogea. Akifika mbele shangazi humpa kipande kilichoungua, naye huondoka bila kuomba kingine. Shangazi anasema ana adabu kuliko madereva wa malori.

Shangazi atakuletea miche mitatu ya sabuni. Anauliza kwa nini umeagiza sabuni nyingi na sukari kidogo. Mtu mmoja anafua nini?

Binti yako,
Zuleha


Gerezani
18 Februari 2024

Binti yangu Zuleha,

Marahaba. Afande naye amesema marahaba, na ameniletea barua yako mwenyewe badala ya kuniita dirishani.

Bata wa foleni! Nimelala nikimcheka. Hapa jirani yangu ni mtu anaitwa Silvanus, kwao Mbinga, alikamatwa na mkaa wa msituni huko Kisarawe. Hajui kusoma na hana wa kumwandikia. Ameniomba nimsomee tena na tena pale kwenye bata mpaka sasa anapajua kwa moyo. Kila tukipanga foleni ya uji husema, "Mfaume, simama kibata."

Sabuni mwambie shangazi aniletee tu. Huku sabuni ina kazi nyingi.

Pole kwa mkono. Ya Janga siwezi kuyajibu kwenye karatasi. Nilifanya. Niandikie mambo madogo madogo, nani kapita, nani kagombana na nani. Hujui barua ni kitu gani mahali hapa.

Hii naituma kwa sanduku la shule yenu, maana shangazi hana sanduku.

Baba yako,
Mfaume


Misugusugu
17 Machi 2024

Baba,

Shikamoo.

Barua yako ililetwa darasani. Mwalimu wa zamu aliinua bahasha juu, akasoma mhuri kwa sauti: "Magereza. Haya, nani Zuleha Mfaume?" Niliinuka. Kutoka dawati langu mpaka mbele sijui nilitembeaje.

Tafadhali usiandike tena kwa anwani ya shule. Nyuma ya bahasha nimeandika sanduku la jirani.

Idi sitaweza kuja. Tuna mitihani.

Sina habari nyingine.

Z.


Gerezani
28 Aprili 2024

Binti yangu Zuleha,

Idi imepita. Walipoita majina ya waliotembelewa nilikaa karibu na mlango, si kwa kutegemea, ni mazoea tu. Nimeelewa kuhusu mitihani. Nimeelewa pia kuhusu mhuri. Sikufikiri, nisamehe.

Bata hajambo?

Baba


Gerezani
23 Juni 2024

Binti yangu Zuleha,

Labda barua zinachelewa njiani. Niandikie hata mstari mmoja. Hata ukiwa wa kunikaripia nitaupokea.

Wenzangu huniuliza habari zako, nami huwajibu.

Baba


Kibuta, Kisarawe
8 Septemba 2024
Kwa mkono

Kwa mwanangu Zuleha,

Anayeandika ni Evaline, mwanafunzi wa darasa la saba, mtoto wa mwenye shamba ninapopalilia mananasi. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike kila neno langu na asitie lake. (Sitii. Evaline.)

Ni mimi Silvanus niliyekuja langoni mwa shule yenu Jumatano. Kifungo changu kiliisha Jumatatu. Kabla ya kwenda popote nikasema nipite kwanza kwa Zuleha. Mlipotoka nikaita kama mtu anavyoita ng'ambo ya shamba, "Zuleha wa Mfaume! Nimetoka jela kwa baba yako, anakusalimia sana!" Ukasimama. Ukasema, "Mzee, umekosea mtu. Baba yangu yuko Tunduru kwenye madini." Yule mwenzako mrefu akaniambia, "Mzee, rudi ulikotoka, inaonekana hukumaliza." Wote mkacheka. Na wewe ulicheka.

Nilijua sijakosea mtu. Ulishika kamba ya mfuko kwa mkono wa kushoto, nikaliona kovu.

Sikuja kukuaibisha, mwanangu. Nilidhani shule nzima inajua, kwa sababu uliwaambia wewe mwenyewe. Kwenye barua yako ya mwezi wa tano uliandika kwamba ulisimama mstarini asubuhi, umevaa sare, mbele ya walimu wote, ukasema: "Baba yangu ni mfungwa. Alikosa. Siku akitoka, mimi ndiye nitakayempokea langoni." Barua hiyo watu waliomba isomwe mara tatu. Wapo wanaume wakubwa walijifunika blanketi.

Sasa labda hujui habari za sabuni. Kule ndani pesa hatushiki, sabuni ndiyo pesa yetu. Ndugu wakileta mche, askari langoni huukata kuangalia kama kuna kitu ndani, kwa hiyo unaingia tayari ni vipande. Kipande kimoja unanyolewa. Viwili, unapata sukari ya mtu asiyetaka sukari yake. Na kipande kimoja kilikuwa ni kusikiliza barua yako moja, baba yako akisoma, sisi tumezunguka. (Nimemuuliza kwa nini wasisome wenyewe. Anasema wengi hawajui, na wanaojua hawana barua. Evaline.)

Nilizisikiliza zote saba. Mbili za mwisho nilisikiliza kwa mkopo, sabuni ilikuwa imeniishia. Baba yako alisema niache, nimesamehewa. Lakini nikafikiri, mwenye maneno ni binti, yeye hakunisamehe. Ndiyo maana nilikuja na ule mche mzima niliomwachia mlinzi wenu. Ni wako. Usione vibaya kuupokea.

Kama uliniambia vile kwa sababu nilikuwa mchafu, nguo zangu ndizo zile nilizoingia nazo.

Nina swali moja. Yule mbuzi wako mwenye pembe moja alizaa? Nilitoka kabla hatujafika.

Silvanus
(na Evaline, ambaye naye anataka kujua habari za mbuzi)


Misugusugu
22 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Shikamoo, afande. Leo utavumilia, ni ndefu. Kuna jambo moja la vipande baba na mimi tunalijua ambalo sitaliandika, lakini mengine yote nayaandika.

Mzee Silvanus alikuja shuleni nikamkana. Halafu akaniandikia barua. Anasema amesikia barua zangu saba.

Baba, mimi nimeandika mbili.

Mara ya kwanza niliposoma nilikasirika kwa sababu ya bata. Nilimwandika bata kwa ajili yako peke yako. Mimi ni mtu ambaye nikiulizwa swali darasani nasahau hata jina langu. Ningejua nasomewa watu nisingeandika hata salamu. Baadaye nikaona kwamba bata ndilo jambo dogo. Jambo kubwa ni yule msichana wa mwezi wa tano. Nimemfikiria kila siku tangu hapo. Amesimama mstarini na sauti yake inafika mpaka kwa walimu. Hamwonei haya baba yake. Ulikuwa unamsoma kutoka kwenye karatasi gani? Ya mwezi wa tatu? Ile ina mistari michache, na hakuna hata mmoja mzuri.

Nimemwonea wivu mtoto wako huyo.

Mimi nilisema uko Tunduru. Siku ile ya mhuri nilisema barua imetoka kwa baba mdogo ambaye ni askari magereza. Tangu siku hiyo Jenifa, yule mrefu aliyemtania mzee Silvanus, akawa rafiki yangu. Alikuwa ananiwekea kiti, ananisubiri mapumziko. Nilidhani hatimaye nimepata mtu anayenipenda nilivyo.

Juzi nilimwambia ukweli. Nilimwambia tukiwa bombani, maji yanamwagika kwenye ndoo, ili asipotaka kusikia aseme hakusikia. Akafunga bomba.

"Kwa hiyo mfungwa ni baba yako."

"Ndiyo."

"Na baba mdogo askari?"

"Hayupo."

"Hayupo kabisa? Zuleha! Nimeshamwambia kaka yangu utamsemea apate nafasi Magereza! Ameacha kuomba kazi kiwandani kwa ajili yako!"

Akabeba ndoo yake ikiwa nusu. Mpaka leo hasemi nami. Habari yako hakuijali, baba. Amekasirika kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Nikaona kwamba wewe na mimi tumefanya kazi moja. Wewe umewatengenezea watu binti, mimi nimewatengenezea watu baba mdogo, na wote wawili wamewagharimu watu wa kweli.

Sasa naomba jambo. Barua hii isome mbele ya wale waliosikia zile nyingine, neno kwa neno, usiongeze wala usiruke. Usipokee chochote. Waambie zile tano ziliandikwa na nani. Sijui watakufanyia nini. Nimekaa na barua hii siku nyingi kwa sababu hiyo, nimeichana mara moja nikaiandika upya. Usipoisoma nitajua, kwa kuwa wanaotoka huko sasa wanajua ninapokaa.

Mstarini sitasimama. Nimejaribu kufikiria nimesimama na nimeshindwa hata kwenye mawazo. Lakini Jumamosi ya tarehe 2 Novemba nitakuja kukuona, kama unataka.

Zuleha


Gerezani
13 Oktoba 2024
Kwa mkono wa Dotto

Binti yangu,

Hii haipiti kwa afande. Dotto anatoka kesho, ameificha anakojua yeye. Mpe mihogo, hana nauli ya kufika kwao.

Nimeisoma. Niliisoma Ijumaa baada ya uji, wamekaa vilevile kama siku zote. Walikuwa wameshatoa vipande vyao, nikasema leo hapana. Wakashangilia, wakadhani ni sadaka. Nilipofika pale "mimi nimeandika mbili", nilikunja karatasi, na Dotto akaniambia, "Endelea mzee, tumeshalipa sana." Nikaendelea mpaka kwenye ndoo na bomba. Hakuna aliyecheka kwa baba mdogo askari, na ni mahali pa kuchekesha.

Ally, mnyapara wetu, akaomba karatasi. Anajua kusoma kidogo. Akaigeuza mbele na nyuma, akasema, "Kumbe mwandiko wake ndio huu." Kisha akaniuliza, "Mwizi wa salfa, kwa nini?"

Nikawaeleza kama ninavyokueleza wewe. Barua ya kwanza niliisoma kwa Silvanus bure. Wengine wakaja, wakaleta vipande bila kuombwa, ndivyo ilivyo huku, kitu kizuri hakikai bila bei. Nilipata sukari, nikapata mahali pa kulala mbali na ndoo ya choo. Ile ya mwezi wa tatu niliisoma nikaruka habari za mhuri, halafu wewe ukanyamaza. Kila Ijumaa wananiuliza, Mfaume, binti kaandika? Sikuweza kusema binti yangu amenionea haya. Nikachukua karatasi ile ya mwezi wa tatu, nikaishika mbele ya uso, nikasoma kisichokuwepo. Mbuzi nilimtoa kichwani kwa sababu bata alikuwa ameisha. Yule msichana wa mstarini sikumpanga. Alitoka tu mdomoni, na nilipomsikia niliamini mimi kabla yao.

Nilidhani hasira yao itakuwa ya sabuni. Kuna kijana mmoja akainuka akasema, "Mzee, mimi nilimwandikia mama yangu habari za huyo binti. Nilimwambia mama asinionee haya, kuna mtoto Kibaha hamwonei haya baba yake. Mama akaja kuniona. Sasa nimwambieje?" Zuleha, hukumu ya mahakama niliisikia kwa masikio. Hii ya kijana iliniingia tumboni.

Ally akakata shauri: nitawafulia wote waliolipa, mpaka kila mmoja aseme imetosha, kwa sabuni yangu. Mzee Hamidu peke yake amekataa. Alisema, "Usingizi niliolala baada ya mbuzi nitaurudisha vipi? Mimi sidai." Akaniletea shati lake hata hivyo, eti la kirafiki.

Kwa hiyo nafua. Vidole vimebabuka. Miche ya shangazi imekwisha yote, na shangazi sasa ana jibu lake la mtu mmoja anafua nini.

Usije tarehe 2. Si kwamba sitaki. Nimewaibia watu wa Janga salfa yao, nikaja huku nikakuibia na wewe sauti yako, nikaiuza kwa watu wasio na kitu. Siwezi kukaa mbele yako na mikono hii. Ngoja nimalize kufua.

Barua yako inasema yule msichana wa mstarini ni jasiri na wewe siye. Mimi niliyewasoma wote wawili kwa sauti, najua yupi alikuwa mzito kumsoma.

Mfaume


Misugusugu
27 Oktoba 2024

Mzee Silvanus,

Shikamoo. Na wewe Evaline, hujambo. Msomee polepole, na ukitaka kutia lako, tia.

Mzee, siku ile hukukosea. Zuleha wa Mfaume ni mimi. Nilikuona vizuri, na sikukukana kwa sababu ya nguo. Nilikukana kwa sababu ulisema jina la baba kwa sauti ya furaha, na mimi tangu afungwe nilikuwa sijawahi kulisikia likisemwa hivyo. Niliogopa. Ulitembea kutoka mbali kuja kunilipa, nikakucheka mbele ya watu. Naomba unisamehe. Najua hilo halina kipande.

Barua ulizosikia ni mbili zangu na tano za baba. Amekwisha kuwaambia wenzako yeye mwenyewe, na sasa anawafulia nguo. Mbuzi hakuwepo. Hatujawahi kuwa na mbuzi, kwa hiyo hakuzaa, samahani sana. Nilitaka kukuandikia kwamba alizaa mapacha. Niliandika hata sentensi nzima, ilikuwa nzuri, nikaikata.

Bata yupo. Leo jioni alikuwa wa nne kwenye foleni, nyuma ya dereva wa lori la mchanga. Hilo unaweza kuja kulishuhudia mwenyewe, shangazi amesema utakula mihogo bila kulipa, na safari hii ukiniita nitaitika.

Baba ameniambia nisiende kumwona mpaka amalize kufua. Nimemsoma vizuri, anaandika kama mimi nilivyoandika mwezi wa tatu, kwa hiyo najua maana yake. Nitakwenda Jumamosi. Mche wako sikuutumia. Ulikaa chini ya kitanda changu muda wote huu, chumba kizima kinanuka kama siku ya Idi. Nitamchukulia huo, kama huna neno, kwa sababu sabuni imemwishia na mashati ya watu bado.

Shangazi anasema askari wa langoni atauliza kwa sauti, mbele ya foleni yote, "Wewe ni nani yake?" Nimekuwa nikijizoeza jibu bombani wakati maji yanamwagika. Bado linatoka dogo. Jana Jenifa alikuwa nyuma yangu na ndoo yake, sikujua. Hajaanza kusema nami, ila alisema, "Ongeza sauti."

Nitavaa sare ya shule. Askari ataukata mche vipande, nami nitasimama pale mpaka amalize.

Zuleha Mfaume